Tupeane uzoefu: Kuleta gari ulilonunua kwa mtu binafsi nje ya nchi, kutoka Uingereza na Japani hadi Dar na Mombasa

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Mada za kuagiza gari kwa kampuni za Japani zipo nyingi. Hii ni ya gari ulilonunua kwa mtu: jirani wa dada yako aliyeko Leicester, mwanafunzi anayefunga virago, mzee wa Nagoya anayeacha kuendesha. Kampuni huandaa karatasi zote yenyewe, mtu binafsi hana habari nazo. Akishapokea hela na kutoa funguo, kwake biashara imekwisha, na kumpata tena miezi miwili baadaye akusainie kitu ni kazi kubwa. Kwa hiyo kila hati iombwe kabla ya kulipa. Wenye ujuzi mwageni vitu kamili, hati kwa hati na kiwango kwa kiwango.

Mdau wa Birmingham
Nianze na Uingereza. Hati mama ni V5C, hati ya usajili wa gari, ile wanayoiita logibuku. Muuzaji akimuuzia Mwingereza mwenzake humpa kipande kidogo tu cha mmiliki mpya, yeye akabaki na shughuli ya kuwajulisha DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya huko. Kwa gari linalotoka nchini moja kwa moja hiyo haitoshi. Lazima akukabidhi V5C yenyewe. Ndani yake kuna sehemu ya gari kuondoka nchini kabisa: inajazwa, inakatwa, inatumwa DVLA kule Swansea. Sehemu iliyobaki unaikunja na kuitunza kama pasipoti, maana ndiyo itakayosajili gari huku. Wauzaji wengi hawajui hili na wanakupa kile kipande kwa nia njema kabisa. Ukisafirisha na kipande pekee, forodha ya huku itakuuliza usajili wa awali uko wapi.

Pili, V5C yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtunzaji aliyesajiliwa, ambaye anaweza kuwa mke wa mwenye gari au kampuni ya kukodisha. Kwa hiyo andikianeni risiti: majina kamili na anwani za wote wawili, namba ya usajili, namba ya chesisi, maili zilizosomeka, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, sahihi. Hela iingie benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye risiti. Jina la mnunuzi hapo ndilo litakalokwenda kwenye hati ya shehena (BL) na ndilo lenye namba ya mlipakodi, yaani TIN ya Tanzania au PIN ya Kenya. Ukinunua kwa jina la shemeji halafu ukataka gari lisomeke lako bandarini, unahitaji hati nyingine ya mauziano kati yako na shemeji, na maswali hayataisha hapo.

Tatu, kabla ya hayo yote ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT (ukaguzi wa lazima wa magari). Ni bure. Gari likishafikisha miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na kila ukaguzi unaonyesha maili za siku hiyo na kasoro zilizoandikwa. Maili zikishuka kati ya mwaka mmoja na mwingine, achana nalo. Kuna pia huduma za kulipia zinazoonyesha kama gari lina mkopo, liliibwa, au lilifutwa na bima. Tangu Oktoba 2017 magari yaliyofutwa na bima lakini yanatengenezeka yanaandikwa S, maana yake mifupa ya gari iliumia, au N kama haikuumia. Yaliyoandikwa A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani.

Fundi bodi
Niongezee hapo kwenye MOT. Tafuteni maneno ya kutu. Waingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi na inakula chini ya gari: kingo za pembeni panapowekwa jeki, mabomba ya breki, vikombe vya springi, fremu ya nyuma. Juu gari linang'aa, chini linamong'onyoka. Mwambie aliyeko huko alale chini na tochi, apige picha sehemu hizo nne. Kuchomelea kingo inawezekana. Fremu ikishaoza, usinunue.

Mgeni wa Moro
Maili na kilomita je? Ukaguzi huku hautaleta shida?

Mdau wa Birmingham
Haileti, ila kila hati iandike kipimo. Maili 60,000 ni kama kilomita 96,500. Karatasi moja ikisema 60,000 bila kipimo na nyingine 96,500, anayekagua ana haki ya kudhani dashibodi imechezewa.

Mkazi wa Aichi
Japani kwa ufupi. Gari la kawaida likiuzwa na mtu binafsi, muuzaji atoe vitu vitatu: hati ya kuhamisha umiliki, hati ya kumpa wakala mamlaka, na cheti cha muhuri wake kutoka manispaa ambacho hakijapita miezi 3 tangu kitolewe. Muhuri kwenye hati mbili za kwanza uwe ule ule wa kwenye cheti. Gari dogo la sahani ya njano, yale ya injini isiyozidi cc 660, halidai cheti cha muhuri. Baada ya hapo gari linafutwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa na unapata cheti cha kufuta usajili. Hicho ndicho kinachokwenda na gari, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza.

Usisahau fedha ya kuchakata gari ambayo mwenye gari aliilipa mapema. Gari likisafirishwa nje inadaiwa irudishwe. Kubalianeni mapema itakwenda kwa nani, maana wakala akinyamaziwa hataikumbusha.

Wakala wa forodha, Dar
Sasa kodi. Wengi wanadhani kwa kuwa wamenunua kwa mtu kwa bei ya kutupa, kodi itafuata risiti. TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake: unachagua aina, modeli, mwaka, nchi lilikotoka, mafuta na ukubwa wa injini, kinakupa thamani na kodi. Fanya hivyo kabla ya kumpigia muuzaji. Ukinunua kwa nusu ya bei ya soko, kodi bado itapigwa kwa thamani ya kikokotoo. Ndiyo maana gari la bure kutoka kwa mjomba si la bure.

Viwango kwa gari dogo la abiria Tanzania: ushuru wa forodha 25% ya thamani, ikiwemo nauli ya meli na bima. Ushuru wa bidhaa ni 0% mpaka cc 1000, 5% juu ya 1000 mpaka 2000, 10% juu ya 2000. Halafu ushuru wa uchakavu, yaani wa umri wa gari: 15% kwa gari lililofikisha miaka 8, 30% kuanzia miaka 10. Mwisho VAT 18% juu ya jumla ya vyote.

Chukua gari la cc 1500 lenye thamani ya forodha ya shilingi 10,000,000. Likiwa na miaka 7: forodha 2,500,000, ushuru wa bidhaa 5% ya 12,500,000 ni 625,000, VAT 2,362,500. Jumla 5,487,500. Gari hilo hilo, thamani ile ile, likiwa na miaka 11: unaongeza uchakavu 3,750,000 na VAT inapanda mpaka 3,037,500. Jumla 9,912,500. Tofauti ya 4,425,000 imeletwa na umri peke yake, na hapo sijaweka ada ya forodha, tozo ya reli, bandari wala usajili. Thamani ya gari la zamani hushuka kidogo, lakini mara nyingi haishuki kiasi cha kuufidia uchakavu. Gari la miaka 9 na miezi kadhaa linalosubiri meli linaweza kuvuka mstari likiwa baharini. Hesabu umri wa siku ya kufika.

Mgeni wa Moro
Mkuu, na muuzaji akiandika bei ndogo kwenye risiti?

Wakala wa forodha, Dar
Haikusaidii chochote, kwa sababu thamani inatoka kwao, na inakuharibia: risiti ikipishana na muamala wa benki unakuwa umetoa tamko la uongo, ambalo ni kosa kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Andika bei halisi.

Mombasa Kilindini
Ndugu zangu wa Kenya, kwetu kuna ukuta: gari lisizidi miaka 8 tangu mwaka wa usajili wa kwanza. Mwaka 2025 mpaka ulikuwa 2018. Usukani uwe kulia. Na likitoka nchi yenye wakaguzi wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, kama Japani, Uingereza na Falme za Kiarabu, likaguliwe huko huko kabla ya kupakiwa na lipewe cheti cha kufaa barabarani. Anayenunua kwa mtu binafsi hupitiwa hapa, kwa sababu kampuni huwa zinafanya bila kusema. Panga ukaguzi kabla ya kulipia meli, maana tairi zilizolika, kioo kilichopasuka au mita iliyorudishwa vitalirudisha gari nyuma.

Kodi: forodha 35% tangu Julai 2023, ushuru wa bidhaa 20% mpaka cc 1500 na 25% juu yake, injini kubwa sana 35%, VAT 16%. KRA, mamlaka ya mapato Kenya, nao wana orodha yao ya bei, haiangalii risiti yako.

Wa Tanzania, TBS (shirika la viwango la huko) wamebadilisha zaidi ya mara moja kama ukaguzi ufanyike nje au Dar. Waulizeni wenyewe wiki ile ile mnayonunua.

Anayerudi nyumbani, Muscat
Kuna msamaha kwa anayehamia nyumbani, uko kwenye Jedwali la Tano la ile sheria ya forodha ya Afrika Mashariki: gari moja, ulilolimiliki na kulitumia mwenyewe nje kwa angalau miezi 12, safari ya meli haihesabiwi. Ukinunua kwa mtu mwezi mmoja kabla ya kurudi, hupati. Ushahidi ni tarehe ya umiliki kwenye kadi, bima ya mwaka mzima kwa jina lako na viza ya ukaazi. Kwa Kenya msamaha haufuti ule mpaka wa miaka 8. Na sisi wa Ghuba, magari ya huku usukani uko kushoto, kwa hiyo fikirieni hilo kabla ya mapenzi na Land Cruiser ya jirani.

Msafirishaji
Meli: kuna ya kuingiza gari kwa kuliendesha, na kuna kontena. Ya kwanza ni nafuu, lakini gari liwe tupu. Mashuka, viatu na televisheni ndani yake ni bidhaa ambazo hazijatamkwa, na ndizo huvutia wezi. Jeki, spana ya magurudumu, redio na hata kiwashio cha sigara vipigeni picha. Mafuta yasizidi robo tangi. Kontena la futi 20 huchukua gari moja, betri inachomolewa, magurudumu yanafungwa kwa mikanda.

Wakala wa meli akikutumia rasimu ya BL, isome herufi kwa herufi. Namba ya chesisi ya Uingereza ina tarakimu na herufi 17 na haina kamwe I, O wala Q. Ukiona O, mtu amekosea sifuri. Ya Japani ni fupi, ina kistari katikati. Kurekebisha rasimu ni bure au karibu na bure. Kurekebisha meli ikishaondoka ni pesa na siku za bandari.

Wakala wa forodha, Dar
Nimalizie upande wa kutoa. Mtumie wakala mwenye leseni BL, hati ya usajili wa nje, risiti ya mauziano na TIN yako wakati meli bado iko njiani. Tamko la forodha hupaswa kuingizwa ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha, lakini siku za bure za kuhifadhi bandarini huisha mapema zaidi ya hapo. Mtiririko: tamko, makadirio, namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa mwenyewe benki au kwa simu usimpe mtu taslimu, kibali cha forodha, kisha hati ya kutolea mzigo kwa wakala wa meli, kisha tozo za bandari na pasi ya geti. Ile hati ya wakala wa meli ndiyo hukwamisha: bila BL halisi au ujumbe wa kuiachilia kutoka bandari ya huko, haitoki. Muulize msafirishaji wako anatumia njia ipi kabla meli haijaondoka.

Gari lisajiliwe na kukatiwa bima kabla ya kutoka getini. Kadi ikitoka, linganisha namba ya chesisi, namba ya injini, rangi na mwaka na gari lenyewe ukiwa bado umesimama pale pale.