Tuliojitolea kwenye maonyesho ya sanaa ya uwanjani, Mji wa Kale, Mombasa: tupeane uzoefu

Mwana wa Ndia Kuu: Jana nimepita mbele ya Ngome ya Yesu (Fort Jesus) nikaona vijana wanafunga kamba mitini, nikakumbuka maonyesho yetu yalivyoanza. Hatukuwa na turubai wala meza. Picha tulizibana kwa vibanio vya nguo juu ya baraza za watu Ndia Kuu, na wenye nyumba wakitutolea kahawa tungu. Hakuna aliyelipwa hata senti. Nyinyi mlokuweko, lipi liliwaelemea zaidi?

Bi Kibokoni: Kibali. Kila mwaka barua ileile, "njoo kesho" ileile.

Mchoraji wa Likoni: Kwangu ni ule upepo. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi imekaza tangu alfajiri. Ngome ni turathi ya dunia tangu 2011, huchimbi shimo la nguzo karibu na kuta zile, kwa hivyo tukasimamisha nguzo ndani ya madebe ya mchanga. Baada ya adhuhuri turubai kubwa likajaa upepo kama tanga, likazinyanyua nguzo na madebe yake. Yule mzee wetu mchora majahazi alikuwa ametundika picha zake upande wa bahari. Zikaruka ukuta, zikaangukia majini. Nilimuona akikimbia, upindo wa kanzu ameushika kwa meno. Vijana wanaopiga mbizi hapo hawakungoja kuambiwa, wakajitosa. Maji yalikuwa yanapwa, yanavuta kwenda nje. Zile za rangi ya mafuta walizozipata tukaziosha kwa maji matamu, tukazianika kivulini, zikapona. Za rangi ya maji zilirudi karatasi tupu. Mzee akazikunjua moja moja, hasemi. Hadi leo nikisikia turubai likipiga, moyo hunienda mbio.

Salama wa Tudor: Wallahi nilikuweko. Nililia.

Mchonga wa Changamwe: Poleni sana. Lakini mbona hamsemi wachongaji tulivyofukuzwa mwaka uliofuata, ati vinyago ni biashara?

Mwana wa Ndia Kuu: Hamkufukuzwa, ndugu yangu. Tuliamua kila mtu alete kazi ya mkono wake. Kuna walioleta magunia ya twiga wa kununua.

Mchonga wa Changamwe: Mimi nilileta mwarobaini, nimeuchonga mwenyewe, maana mpingo na muhugu umeadimika. Nani aliniuliza? Niliambiwa nifungashe, basi.

Bi Kibokoni: Hapo ana haki, msimbishie. Mzee je, yu wapi siku hizi?

Mchoraji wa Likoni: Yuko, bibi, achora. Mwaka wa pili alikuja wa kwanza na kamba zake mwenyewe, na upande wa bahari akaukataa katakata.

Salama wa Tudor: Fanyeni Januari basi. Kaskazi ni pole na wageni wapo.

Nahodha Mstaafu: Jua la Januari litababua rangi zote! Bakini na mwezi wa saba, mtoboe turubai matundu upepo upite. Na fundo mfunge la chomboni, msifunge la mbuzi.

Bi Kibokoni: Ami, penye tundu la upepo na mvua hupita. Leteni nailoni za kufunikia, na wawili wa kulala na picha, kwani mmoja husinzia.

Mchonga wa Changamwe: Mwaka huu naja na mwarobaini wangu. Nani anaandika majina?