Nitapataje kanisa ambalo nitajisikia nyumbani?

Swali: Tangu nihamie mji mwingine kwa ajili ya kazi, nimesali katika makanisa mbalimbali. Mahubiri ni mazuri, lakini ibada ikiisha waumini husalimiana wao kwa wao, nami huondoka bila mtu yeyote kunijua jina. Ushirika wa kweli nitautafuta wapi?

Jibu la kwanza: Ndugu yangu, ibada ya Jumapili peke yake ni vigumu ikupe unachokitafuta. Matendo ya Mitume 2:46 inaeleza kwamba waumini wa kwanza walikutana hekaluni na pia wakamega mkate nyumba kwa nyumba, nami naamini kwamba huko nyumbani ndiko watu wanakojuana kwa dhati. Ulizia jumuiya ndogo ndogo, kikundi cha maombi au kwaya, kisha uhudhurie kikundi kimoja mfululizo, kwa maana anayehamahama kila wiki hubaki mgeni kila mahali.

Jibu la pili: Nakubali, ila mafundisho yachunguzwe kwanza. Zungumza na mchungaji au padri, uulize jinsi sadaka zinavyosimamiwa na jinsi anavyotendewa muumini anayetofautiana na viongozi. Ukarimu wa mlangoni, hata ukiwa mkubwa kiasi gani, hautoshi.

Jibu la tatu: Chunguza pia iwapo wagonjwa na wafiwa hutembelewa, hasa wasio na cheo wala uwezo. Vilevile omba kazi ndogo, hata ya kupanga viti, kwa sababu wanaofanya kazi pamoja huzoeana upesi kuliko wanaoketi pamoja tu.