Kabla hujajaza begi Kariakoo: nguo na vyombo vya bei nafuu Uingereza

Shikamooni kaka na dada zangu,

Naondoka Dar mwezi wa tisa kwenda Birmingham kusoma shahada ya uzamili. Mama ameshaanza kukusanya vitu hapa Tabata: mablanketi mawili mazito, seti ya sufuria, shuka za tano kwa sita. Shangazi naye anataka kunipeleka soko la mitumba la Karume kuchagua makoti. Begi ninaloruhusiwa ni la kilo 23. Naomba mnisaidie: kipi nibebe kutoka hapa, na kipi nikanunue kule kwa bei ya mwanafunzi? Hayo maduka ya bei chee ninayoyasikia ni yapi hasa?

Mdogo wenu, Tabata

*

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa kupata chuo.

Nimeishi Birmingham miaka mingi kabla ya kurudi hapa Sinza, na kila ikifika Agosti nawaona vijana Mtaa wa Kongo wakinunua vitu vya kupeleka Uingereza ambavyo kule vinapatikana kwa bei hiyohiyo au chini yake. Inaniuma, kwa sababu pesa hiyo wazazi wameitoa kwa jasho. Kwa hiyo nakujibu kwa urefu, na naomba mama naye asome.

Nianze na vile ambavyo mama ameshanunua. Mwambie kwa upole mablanketi yabaki. Blanketi moja tu zito linakula kilo kadhaa, na kule watu hawalali kwa blanketi. Wanalala kwa duveti, yaani funiko nene la kitandani lililojazwa nyuzi laini au manyoya, ambalo ni jepesi na lina joto zaidi. Kwenye pakiti yake utaona namba pamoja na neno tog, ambalo ni kipimo cha joto: 4.5 ni ya kiangazi, 10.5 inafaa karibu mwaka mzima, na 13.5 ni ya baridi kali. Kwa chumba chenye hita chukua 10.5. Ukihisi baridi Januari, ongeza soksi na pajama ya kitambaa kizito. Mfuko wa duveti huuzwa peke yake, mara nyingi pamoja na foronya.

Shuka za tano kwa sita pia ziache. Godoro la mtu mmoja la Uingereza ni sentimita 90 kwa 190, yaani kama futi tatu kwa sita na robo. La watu wawili ni 135 kwa 190. Shuka ya lastiki iliyoshonwa kwa godoro la hapa haitakaa. Kabla ya kununua chochote cha kitandani, waandikie wenye hosteli uwaulize kitanda ni cha ukubwa gani. Ni swali la kawaida kabisa, watakujibu.

Sufuria ndizo zinazonisikitisha zaidi, kwa sababu ni zawadi ya mama. Lakini sufuria zetu nyingi ni za alumini, na siku hizi hosteli nyingi zina majiko ya induksheni. Jiko hilo hupasha moto chombo chenye chuma kinachonaswa na sumaku. Ukiweka alumini tupu juu yake, jiko litakaa kimya tu. Hata kwenye jiko la kioo la kawaida sufuria ya kitako cha mviringo haipati moto vizuri. Kanunue kule sufuria moja na kikaango kimoja, na ukiwa dukani tazama chini ya kitako kama kuna alama ya induksheni. Mwiko na kibao cha chapati bebeni, hivyo haviwekwi jikoni moja kwa moja.

Sasa maduka. La nguo utakalolisikia kuliko yote ni Primark. Mzazi wa hapa akisikia bei zake anadhani ni duka la kubahatisha, la mzigo uliokataliwa. Sivyo. Lilianza Dublin mwaka 1969 kwa jina la Penneys, na Ireland hadi leo linaitwa hivyo. Mwenye mali ni Associated British Foods, kampuni ileile ambayo kupitia kampuni yake ya sukari, Illovo, ina hisa nyingi kwenye kiwanda chetu cha sukari cha Kilombero. Mama akiwa na wasiwasi, mwambie hivyo: wenye soksi utakazovaa Birmingham ndio hao wenye Bwana Sukari anayoitia kwenye chai. Bei ziko chini kwa sababu wanauza kwa wingi mno, faida ndogo kwa kila nguo, matangazo machache, na hawapeleki mizigo majumbani. Unaweza kuagiza mtandaoni ukachukulie dukani, basi. Kwa hiyo tovuti yoyote itakayodai kuwa ni Primark na inakuletea nguo hadi mlangoni, ikimbie.

Na wewe una bahati: Primark kubwa kuliko zote duniani ilifunguliwa hapohapo Birmingham mwaka 2019, katikati ya mji, ghorofa tano. Usiende Jumamosi mchana, utakutana na umati kama wa Kariakoo wiki ya Idi. Nenda siku ya kazi asubuhi. Nunua soksi, chupi, vesti, fulana za kuvaa ndani, pajama, taulo, foronya, glavu na kofia ya sufu. Vingi kati ya hivyo vinauzwa kwa pakiti, na vinatosheleza. Viatu vya mvua na koti lako kuu usinunulie pale. Koti la Uingereza halipambani na baridi peke yake, linapambana na mvua inayokuja na upepo, na mwavuli wa bei rahisi hugeuka nje ndani siku ya kwanza. Unahitaji koti lenye kofia na lisilopitisha maji. Decathlon wana ya bei nzuri, na TK Maxx, wanaouza mabaki ya mizigo ya kampuni kubwa, ukivumilia kupekua utapata la maana.

Ila kwa koti zito la baridi, shangazi yuko sahihi kuhusu Karume. Makoti mazito yakitoka kwenye balo hapa Dar hayana mteja wa mjini. Wanaoyafuata ni wafanyabiashara wanaopeleka Mbeya, Njombe, Makete na Arusha. Ndiyo maana ukiwahi asubuhi, balo likiwa linafunguliwa, unaweza kupata koti la nguvu kwa pesa ambayo kule isingenunua hata glavu. Chukua moja tu. Fungua na funga zipu mara kadhaa, kagua bitana na mishono ya kwapa, nusa kama lina ukungu. Lile ndilo utalivaa ukitoka uwanja wa ndege, halihesabiwi kwenye kilo za begi.

Kwa vitu vya ndani: Home Bargains na B&M kwa sabuni, ndoo, vyombo vya plastiki, hanga na dawa ya meno. Poundland ilianza mwaka 1990 ikiuza kila kitu pauni moja, lakini sasa bei zinatofautiana, soma kibandiko. Argos kwa birika la umeme na pasi: unachagua kwenye skrini, unalipa, unasubiri namba yako iitwe kaunta. Siku hizi nyingi ziko ndani ya Sainsbury's. Supamaketi nazo zina nguo zake, George iko Asda, F&F iko Tesco, na ni imara kuliko watu wanavyodhani. Wakubwa wetu waliokaa kule zamani watakutuma Woolworths au Wilko. Woolworths zilifungwa mwanzoni mwa 2009, na Wilko ilianguka 2023. Chache zimefunguliwa tena chini ya wamiliki wapya, ila usipange safari kwa kutegemea hilo.

Plagi zao ni zilezile za pini tatu bapa tunazotumia hapa, na umeme ni volti 230. Chaja yako itaingia bila kigeuzi chochote. Lakini ekstensheni ya hapa usibebe, vyuo vingi hukagua vifaa vya umeme na vingine watakunyang'anya.

Kupatana bei, sahau. Bei iliyoandikwa ndiyo hiyo, na kodi ya asilimia 20 imo ndani tayari. Nguo na viatu vya watoto havitozwi kodi hiyo, kwa hiyo mwenye mguu mdogo apitie kwanza rafu za watoto. Sehemu moja tu ya Birmingham itakayokukumbusha nyumbani ni soko la Rag Market, karibu na jengo la maduka la Bullring: vitambaa kwa mita, mapazia, nguo, vyombo, na wauzaji wanaopaza sauti. Ukinunua vitu vitatu vinne kwa mtu mmoja, muulize kwa heshima atakupunguzia kiasi gani. Halifunguliwi kila siku, angalia kwanza.

Jambo la mwisho kwa leo ni risiti. Hapa tumezoea kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi". Kule, Primark wanakupa siku 28 kurudisha kitu ambacho hujakitumia, mradi una risiti. Na kitu kikiwa kibovu, sheria yao ya mwaka 2015 ya haki za mlaji inakupa siku 30 kukirudisha na kudai pesa yako yote, duka lolote lile. Hiyo ni haki yako, siyo hisani ya muuzaji. Wanafunzi wetu wengi wanaona aibu kurudisha, wanakaa na kiatu kilichobanduka soli wiki ya pili. Usione aibu. Tenga bahasha moja ya risiti tangu siku ya kwanza.

Dada yako, Sinza

*

Habari za wakati huu ndugu zangu,

Dada wa Sinza ameeleza vizuri, ila kuhusu Primark nampinga kidogo. Fulana zake nyingi zikifuliwa miezi michache zinalegea. Mimi niko Leicester, na nguo zangu karibu zote natoa kwenye maduka ya hisani, yanayouza vitu vilivyotumika ambavyo watu wamevitoa bure: Oxfam, British Heart Foundation, Barnardo's. Suruali ya sufu nzito iliyovaliwa na mtu mara chache inadumu kuliko mpya tatu za bei rahisi. Siri ni mtaa. Nenda maduka yaliyo kwenye vitongoji vya wenye uwezo, utakuta makoti na viatu vya ngozi ambavyo dukani vipya huwezi kuvigusa. British Heart Foundation wana pia maduka ya samani na vifaa vya umeme vilivyokaguliwa, na meza ya kusomea wanakuletea kwa malipo.

Mdogo wangu, shangazi yako akisikia "duka la hisani" akaona ni unyonge, mwambie kule profesa na mwanafunzi wanapishana mlangoni. Na zile nguo zinazokosa mnunuzi kwenye maduka hayo huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, zinafungwa mabalo, na sehemu yake ndiyo hiyo inayofika Karume. Wewe unakwenda kuchagua kabla balo halijafungwa.

Kitu kingine: mwisho wa mwaka wa masomo, wanafunzi wanaohama huacha sufuria, taa, vitundika nguo, hata duveti mpya kwenye pakiti. Ukikutana na Watanzania wa mwaka wa pili, waulize kabla hujanunua.

Kaka yenu, Leicester

*

Kaka wa Leicester, nakubaliana nawe kwa suruali, makoti na viatu. Kwa soksi na nguo za ndani hapana, hizo mtu anunue mpya. Hata hapa nyumbani Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku mitumba ya nguo za ndani, na lina sababu. Na mwanafunzi wa wiki ya kwanza hana muda wa kuzunguka vitongoji akitafuta saizi yake. Primark inamvusha hadi atakapojua mji.

Mdogo wangu, zile kilo ulizookoa zijaze hivi: khanga doti mbili au tatu, kitenge kilichokwisha kushonwa kwa ajili ya shughuli za chuo, viungo vya pilau, na mifuko mbadala miwili mitatu iliyokunjwa. Mifuko ya plastiki England inauzwa angalau peni 10 kila mmoja, na mwanafunzi anayekwenda dukani mara nyingi ataihisi. Viatu andika saizi zako zote mbili kwenye simu: 38 ya hapa ni 5 ya kule, 42 ni 8. Na mama akija kwenye mahafali asikusanye risiti akidhani atarudishiwa kodi uwanja wa ndege, mpango huo ulifutwa England tangu Januari 2021.

Halafu tazama tiketi yako unatua siku gani. England maduka makubwa Jumapili yanaruhusiwa kuwa wazi kwa muda wa saa sita tu, kwa kawaida kuanzia saa nne au saa tano asubuhi hadi saa kumi au kumi na moja jioni. Ukifika Jumapili jioni ukiwa umechoka, utakuta pamefungwa na kitanda cha hosteli ni godoro tupu. Kwenye begi la mkononi weka khanga mbili za kutandika na kujifunika, taulo moja, sabuni, na soksi nzito. Usiku huo utalala. Jumatatu asubuhi anza na duveti.

Dada yako, Sinza