Kipimo cha sumukuvu kwenye karanga kinayumba, naomba ushauri

Mwana Nanyumbu
Wakuu, habari za leo. Niko Mtwara, namalizia mradi wa kipimo cha umeme cha kugundua sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu) kwenye karanga. Kwetu karanga ndizo zilizonilipia ada, kwa hiyo nataka kitu kitakachomfaa mkulima kweli. Nanochembe za dhahabu (chembe ndogo mno) nimezivika kingamwili, yaani protini zinazonasa sumukuvu, kisha nikazidondoshea kwenye elektrodi ya kaboni. Jioni mkondo uko vizuri, asubuhi umeyumba. Tena karanga mbovu na nzima zinatoa namba zinazokaribiana. Kingamwili zimeharibika kwa joto? Umeme nao unakatika, friji haiaminiki.

Fundi Elektrodi
Pole mkuu. Usianze kuilaumu protini. Chukua dhahabu uliyokwisha kuivika, tia maji ya chumvi. Ikibaki nyekundu, salama. Ikigeuka zambarau au buluu, chembe zimeshikamana kwa sababu kingamwili hazikuzifunika vya kutosha. Rekebisha pH ya bafa (kimiminika kinachozuia pH isiyumbe), ongeza kingamwili kidogo kidogo, halafu ziba nafasi zilizobaki kwa albumini ya ng'ombe. Hifadhi kwenye nyuzi 4, na friza usiiguse kabisa, barafu inazishikamanisha.

Dada wa Maabara
Hayo ni kweli, lakini hayaelezi kwa nini mbovu na nzima zinafanana. Mdogo wangu, sumukuvu aina ya B1 ina uzito wa molekuli 312 tu. Kingamwili ni kama 150,000. Ikinaswa, haizibi njia ya elektroni kiasi cha kuonekana. Tumia ushindani: changanya sampuli na sumukuvu iliyofungwa kwenye kimeng'enya cha peroksidesi, zigombanie kingamwili. Suuza, weka kemikali ambayo kimeng'enya hicho huibadilisha pamoja na peroksidi ya hidrojeni, pima mkondo. Karanga safi mkondo unakuwa mkubwa, mbovu unashuka. Dhahabu inabaki na kazi yake ya kukupa uso mpana na kupitisha elektroni.

Na methanoli ya kukamulia sampuli izimue kwanza kwa bafa, la sivyo inaziumiza kingamwili. Kumbuka kiwango cha Afrika Mashariki kwa B1 ni mikrogramu 5 kwa kilo, kwa hiyo ukizimua, hesabu kama kipimo chako bado kinaweza kugundua kiasi kidogo hivyo.

Mwana Nanyumbu
Ahsanteni sana. Nimetia chumvi, imegeuka zambarau papo hapo. Naanza na pH, kisha ushindani. Karanga safi za kulinganishia nitapata wapi?

Fundi Elektrodi
Nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapo Mtwara, kawaulize, wanatafiti karanga. Za sokoni usizihukumu kwa macho, hata isiyo na ukungu inaweza kuwa na sumu. Na glavu usivue.