Kisumu kwa dada au Entebbe kwa mdogo wangu? Naomba ushauri wa safari ya mama

Binti Kirumba

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naomba mnisaidie kupima jambo moja.

Desemba nina likizo ya siku kumi na mbili na nimeazimia kumtoa mama. Ana miaka 68. Ameanika na kuuza dagaa Mwaloni, hapa Mwanza, tangu mimi sijazaliwa, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya harusi Dodoma. Wanawe wawili wako nje. Dada yangu ameolewa Kisumu, mdogo wangu wa kiume yuko Entebbe mwaka wa nne sasa, fundi gereji. Wote wanatuita, ila fedha niliyonayo ni ya safari moja.

Sitaki mama aende akakae sebuleni anaangalia televisheni mpaka siku ya kurudi. Nataka aone mji, ale vya watu, jioni atoke anyooshe miguu. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo ngazi nyingi hapana. Na wenyeji wetu wana watoto wanasoma, sitaki waingie kwenye madeni kwa sababu yetu. Waliofika kote kuwili, mngempeleka wapi?

Nyar Kisumo

Karibu Kisumu dadangu, mimi ni mwenyeji wa huku na nitakwambia bila kupendelea.

Kwa mtu wa magoti, Kisumu ni mji mwepesi. Hifadhi ya Impala iko pale pale mjini kando ya ziwa, njia zake ni za tambarare, na hata mkitembea saa moja tu hamtajuta. Makumbusho nayo yana boma zima la Kijaluo limejengwa ndani, nyumba ya mke wa kwanza mahali pake, ya pili mahali pake, na maghala ya nafaka. Mama wa umri huo ataanza kulinganisha na kwao, na hapo ndipo mazungumzo yanapokolea. Jumapili mpeleke soko la Kibuye, kubwa ajabu, nguo, vyungu, kuku, kila kitu, lakini mwende asubuhi kabla jua halijawa kali.

Jioni ni Dunga. Kuna njia ya mbao inayopita juu ya mafunjo, mnatembea taratibu mpaka karibu na maji. Halafu mnachagua samaki wenu, anakaangwa mzima, anakuja na ugali na osuga, ambayo nyinyi mnaita mnavu. Mashua za kwenda kuona viboko ziko hapo hapo.

Mama Kulwa

Mimi nilikwenda Entebbe mwaka juzi kwa mwanangu, nikakaa wiki mbili. Nisikufiche, sehemu nzuri kuliko zote ilikuwa bustani ya mimea. Ni ya tangu 1898, miti mikubwa mpaka unainua shingo, inateremka polepole hadi ziwani. Tulibeba chai kwenye chupa na mihogo ya kuchemsha, tukatandika kanga, na mbega wale weusi kwa weupe wakawa wanaruka juu yetu. Kiingilio hakikuumiza. Tulirudi mara tatu.

Kituo cha wanyama nacho kiko karibu na maji. Humo utamwona korongo nyangumi, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Wengine hukodi mtumbwi mpaka kinamasi cha Mabamba kumtafuta. Kwa mama mwenye magoti, kituoni panatosha.

Vya kula: jioni karibu kila kona kuna kijana na kikaango chake anatengeneza rolex, yaani mayai yaliyokaangwa na nyanya na kitunguu yakaviringishwa ndani ya chapati ya moto. Bei ndogo, na mama anashiba. Kuna matoke kwa mchuzi wa karanga. Kuna nanasi tamu mno. Na Desemba mkibahatika mtakuta senene, huko wanawaita nsenene, wanauzwa wameshakaangwa.

Fundi wa Nyegezi

Mimi napima kwa barabara. Ya Kisumu mnapandia stendi ya Nyamhongolo, Musoma, Tarime, mnavuka Sirari, halafu Migori. Mkitoka alfajiri mnalala kwa dada. Ya Entebbe mnapandia stendi ya hapa Nyegezi, Sengerema, Geita, mnazunguka mpaka Bukoba, kisha Mutukula na Masaka. Hiyo kwa mama wa miaka 68 msiifanye kwa siku moja. Lazima mlale Bukoba.

Pasipoti au hati ya dharura kutoka Uhamiaji mnahitaji kote kuwili. Viza hapana. Kadi ya homa ya manjano mimi niliombwa Mutukula, abiria aliyekuwa hana tukamwacha pale anahangaika. Chanjeni mapema.

Mzee wa Bandarini

Marahaba binti. Kwa nini mnamtesa mama na basi hadi Bukoba? Pandeni meli usiku Mwanza, asubuhi mko Bukoba mmelala kitandani. Hiyo MV Victoria ina historia ndefu. Iliundwa Uskoti, ikaja vipande vipande ikaunganishiwa Kisumu, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilizunguka bandari za nchi zote tatu. Wakati huo mtu wa Mwanza alikuwa anakwenda Kisumu kwa maji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 ikabaki kwetu. Imekarabatiwa na mwaka 2020 ikarudi kazini. Mama ataipenda.

Binti Kirumba

Ahsante sana mzee wangu, ila hapo pana jambo. Mama alikuwa na rafiki yake wa biashara, walianza Mwaloni pamoja. Yule mama alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Tangu siku ile mama hajakanyaga chombo cha maji. Hata pale Kigongo, kulipokuwa na kivuko, alikuwa akienda msibani Sengerema anafunga macho mpaka ng'ambo. Kwa hiyo meli, mashua ya viboko na mtumbwi vyote tuviweke pembeni.

Mzee wa Bandarini

Nisamehe binti. Na mimi nina wangu pale Igoma, walikozikwa wa MV Bukoba. Basi mpitisheni kwa daraja. Toka Juni 2025 Kigongo hadi Busisi ni kilomita 3 hivi za lami juu ya maji, dakika chache mko ng'ambo. Mketisheni dirishani au katikati, atakavyochagua mwenyewe.

Nyar Kisumo

Pole kwa mama, dadangu. Nina jambo jingine, na ningependa ulisikie kwangu kabla hujalikuta mlangoni. Huku kwetu mama mkwe anaheshimiwa kwa kuachiwa nafasi. Familia nyingi bado hazikubali alale chini ya paa moja na mkwewe, wala wale meza moja. Kama dada anakaa nyumba ya vyumba viwili, shemeji yako atakuwa kwenye wakati mgumu hata kama hatasema. Kawaida anatafutiwa mahali kwa shangazi au jirani, anakuja mchana kushinda na wajukuu. Linazungumzika vizuri tu, bora liongelewe mapema. Mpigie dada.

Mama Kulwa

Hilo hata kwetu Usukumani lipo. Mkwe na mkwe hawazoeani ovyo. Nashukuru limesemwa.

Mtoto wa Isamilo

Jamani mbona hamjagusa lugha? Raha ya ugenini kwa mama wa sokoni ni kupiga soga. Kisumu atazungumza Kiswahili na kila mtu, muuza nyanya, dereva wa tuktuk, watu wa kanisani. Entebbe siyo hivyo. Mimi nilimpeleka bibi yangu Kampala, siku ya nne akaniambia mdomo wake umekauka kwa kunyamaza. Kwa upande huo naipa Kisumu bila kusita. Na kuna Kit Mikayi, mwendo mfupi kutoka mjini, yale mawe makubwa yaliyobebana. Jina maana yake jiwe la mke wa kwanza. Mtu wa Mwanza akiyaona anajisikia nyumbani, na watu hufika pale kusali.

Fundi wa Nyegezi

Mawe anayaona kila siku akitoka mlangoni, ndugu yangu. Ila la lugha ni kweli.

Mama Kulwa

La lugha ni kweli lakini kwa muuza dagaa kuna njia. Mimi mwanangu alinipeleka mialo ya pale Entebbe ambako mitumbwi inashusha samaki. Sijui Kiganda hata kidogo. Nikakuta wanawake wamekaa na marundo ya mukene, yaani dagaa wetu hawa hawa, ambao Kisumu ni omena. Sangara wanamwita mputa, Kisumu mbuta, ziwa ni moja. Nikachukua dagaa watatu kiganjani, nikawavunja, nikanusa, nikasugua kwa kidole gumba kuona kama kuna mchanga. Yule mama akacheka, akavuta gunia la nyuma, lile alilokuwa hajalionyesha kwa wateja, wale waliokaushwa kwenye kichanja. Nikajua neno moja tu, mmeka, yaani ni bei gani. Tulikaa pale karibu saa nzima tunaonyeshana. Mama yako ataelewana nao kuliko sisi wote tulioandika hapa.

Na kwa vile mnapita Masaka, mwambieni dereva wa gari mtakalokodi au mdogo wako asimame Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta. Kuna duara jeupe la saruji kila upande wa barabara. Unaweka mguu mmoja kaskazini mmoja kusini, unapigwa picha. Bure, na hakuna ngazi. Kabla ya hapo mkitokea Mutukula kuna Lukaya, pale mnanunua nyama ya kuchoma na ndizi gonja dirishani.

Nyar Kisumo

Huyo mama wa dagaa amenigusa hata mimi wa Kisumu.

Binti Kirumba, gharama usisahau. Shilingi ya Kenya ni nzito kwenu, mkikaa siku kumi mkila nje mtaisikia. Entebbe vya barabarani ni nafuu zaidi. Kokote mtakakokwenda, siku ya kwanza nendeni sokoni nyinyi wageni, mjaze jikoni mchele, mafuta na sukari, bila kuuliza. Ukiuliza, mwenyeji atakataa. Ukishaweka mezani, hawezi kurudisha.

Mtoto wa Isamilo

Kama mama ni Mkatoliki, Kampala kuna Namugongo, kanisa lile la duara la mashahidi wa Uganda. Tarehe 3 Juni watu wanajaa kutoka kila nchi, wa kwetu wengine huenda kwa miguu. Desemba patakuwa patulivu, atasali bila kusukumwa. Msikiti mkuu wa Old Kampala nao unapendeza sana, ila mnara wake una ngazi mamia, muuangalie kutoka chini.

Binti Kirumba

Nimerudi. Jana jioni nilimsomea mama majibu yenu yote tukiwa tunachambua dagaa. Alisikiliza la bustani, la Kibuye, la Namugongo akaitikia kwa kichwa, la daraja akaniambia nirudie. Mwishoni nikamuuliza, mama, moyo wako uko wapi. Akasema wajukuu wa Kisumu walikuja Agosti akawaogesha mwenyewe. Kisha akasema, "Huyu wa Entebbe sijui hata analala wapi. Nataka nione anapolala."

Nikampigia dada. Nilikuwa naogopa ataumia. Akanyamaza kidogo, akaniambia shemeji alishazungumza na shangazi yake wa Nyalenda kuhusu mahali pa mama kulala, tangu mwezi uliopita, ila alikuwa haoni namna ya kulisema kwetu. Nyar Kisumo, ulisema kweli tupu. Dada amesema twende Entebbe kwanza, yeye atakuja na watoto Pasaka, na wa Nyalenda wasubiri zamu yao.

Kwa hiyo ni Entebbe. Tunakwenda kwa basi kupitia darajani, tunalala Bukoba usiku mmoja kwa mama mdogo, tunarudi njia ile ile. Mdogo wangu ameniambia chumba chake ni kimoja na jiko liko nje. Nimemwambia asikope godoro, tunabeba mkeka na blanketi. Mahali pa kutembea nimechagua bustani, mwalo wa samaki na Namugongo. Vingine vikipatikana sawa. Mama Kulwa, nimbebee nini mtu wa Entebbe?

Mama Kulwa

Michembe na matobolwa, mwanangu. Huko viazi vitamu ni vingi lakini vya kukausha namna yetu sikuviona. Na dagaa kilo mbili, mfunge kwenye ndoo yenye mfuniko, harufu isiwasumbue abiria. Kijana wa miaka minne ugenini akifungua ile ndoo utaona.

Fundi wa Nyegezi

Basi la alfajiri, fika nusu saa kabla. Upande wa kulia jua halitawapiga sana asubuhi mkielekea magharibi, Desemba jua liko upande wa kusini. Mkifika darajani nitumie picha.

Binti Kirumba

Ahsanteni wote. Leo tumepeleka fomu za pasipoti Uhamiaji. Kwenye picha mama amekataa kuvua kilemba mpaka afisa alipomwomba mara ya pili kwa upole. Sasa hivi yuko uani na ungo, anachagua dagaa wa kwenda Entebbe, mmoja mmoja, na wenye mchanga anawarudisha kwenye gunia la dagaa wa kulisha kuku.