Alikuja Kutembea Tu

Kundi la WhatsApp: WAJUKUU WA BIBI SHIRATI. Jumapili jioni.

Neema: [picha] Shikamooni wote. Leo baada ya ibada nimetembezwa kwenye nyumba hii hapa Newton, Kansas. Ni ya 1887, sasa imekuwa makumbusho. Mwenyewe aliitwa Bernhard Warkentin, Mennonite mwenzetu, dhehebu letu lile lile la Kikristo.

Shangazi Debora: Marahaba mwanangu. Umekonda. Unakula?

Baba Mdogo: Marahaba. Mchungaji gani alijenga ghorofa lote hilo?

Neema: Hakuwa mchungaji, Bamdogo. Alikuwa na mashine za kusaga 😄

Baba Mdogo: Ehee! Hapo sasa tunaongea.

Ochieng: Mzungu wa wapi huyo?

Neema: Mjerumani, ila Ujerumani hakuzaliwa. Alizaliwa 1847 kijiji cha Altonau, makazi ya Molotschna. Leo ni Ukraine, enzi zile ni Urusi.

Ochieng: Sasa Ujerumani wake unatoka wapi?

Baba Mdogo: Wewe wazee wako walifuata Nile kutoka Sudani Kusini, umezaliwa Rorya, mbona bado Mjaluo?

Ochieng: Nimenyamaza.

Neema: Ndiyo hivyo hivyo. Wazee wao walitoka Prussia, dola ya Kijerumani enzi zile. Malkia Katarina aliita wageni wakalime Urusi, na hao Mennonite, ambao imani yao inakataa vita, wakaahidiwa hawatapelekwa jeshini. Wakakaa vizazi na vizazi, nyumbani Kijerumani, kanisani Kijerumani. Miaka ya 1870 serikali ya Tsar, mfalme wa Urusi, ikageuka: vijana wote jeshini. Wakaanza kufunga mizigo.

Shangazi Debora: Niko na Bibi hapa. Anauliza ni ndugu wa wale wamisionari waliokuja kwetu Shirati?

Neema: Mwambie hapana. Wale wa 1934 walitoka Pennsylvania, na huko wazee wao walifika miaka ya 1700. Hawa wa Kansas walizungukia Urusi kwanza.

Shangazi Debora: Anasema kumbe ni kama koo mbili, mlango mmoja.

Baba Mdogo: Turudi kwenye mashine.

Neema: Haya. 1872 Bernhard alikuja Marekani na rafiki zake, kutembea tu. Baba yake alikuwa msagaji huko kwao. Huku akawa anaangalia ardhi na kumwandikia rafiki yake David Goerz, mwalimu aliyebaki Urusi. Mashamba yakoje, bei gani, reli inapita wapi. Goerz akazisambaza habari zile kwa watu.

Ochieng: Kumbe na wao walikuwa na kundi lao, ila la karatasi.

Neema: 😂 Na liliwahamisha watu! Kati ya 1873 na 1884 walihama karibu 18,000, wengine Kanada, wengine Marekani. Kampuni ya reli ya Santa Fe ilikuwa na ardhi Kansas inatafuta wanunuzi. Bernhard akajenga kinu cha kusaga Halstead, kando ya mto, baadaye akahamia hapa Newton.

Baba Mdogo: Walisaga nini, mahindi?

Neema: Ngano. Waliileta ile inayopandwa vuli, inalala chini ya theluji, inavunwa mwanzo wa kiangazi kabla jua halijaua. Inaitwa Turkey Red. Wanahadithia kwamba watoto waliichagua punje moja moja kabla ya safari.

Baba Mdogo: Watoto wangu hawamalizi kuchagua mchele wa sufuria moja. Itakuwa kuna mtu aliagiza kwa magunia.

Neema: Ndiye huyu huyu! Baadaye aliagiza mbegu nyingi kutoka Krimea. Shida ni kwamba punje zake ni ngumu, mawe ya kusagia yalihangaika nazo.

Baba Mdogo: Lazima. Jiwe linapata moto, pumba inasagika pamoja na kiini, unga unatoka mweusi. Unataka sembe unapata dona. Walifanyaje?

Neema: Wakaingia kwenye rola za chuma.

Baba Mdogo: Safi. Huyo mzee alikuwa fundi. Nipigie picha za mashine, hayo mapazia hayanisaidii.

Shangazi Debora: Na mke? Mnasimulia mashine tu kama hakuwa na mtu ndani.

Neema: Alikuwa naye, Shangazi. Wilhelmina Eisenmayer, wa Summerfield, Illinois. Walioana 1875. Baba yake naye msagaji.

Baba Mdogo: Ukwe wa akili huo.

Neema: Watoto wawili, Carl na Edna. Ila mwisho wake unaumiza. 1908 yeye na mkewe walikuwa safarini nchi za Biblia. Ndani ya treni, kutoka Dameski kwenda Beirut, bastola ya abiria wa chumba cha pili ikafyatuka. Risasi ikapita ukutani ikampata. Akafia Beirut.

Ochieng: Watu waliohama Urusi kukwepa bunduki 😳

Shangazi Debora: Bibi amekaa kimya. Anauliza mama wa watu alirudije peke yake.

Neema: Alirudi kwenye nyumba hii, Shangazi. Nimeona vyombo vyao mezani mpaka leo.

Shangazi Debora: Mungu amrehemu. Sasa Neema, nirudie pale mwanzo. Umesema alikuja kutembea tu?

Neema: Ndiyo.

Shangazi Debora: Akaoa huku huku.

Neema: Ndiyo Shangazi.

Shangazi Debora: Na wewe umekwenda kusoma tu. Miaka miwili, ulituambia.

Neema: 😅

Shangazi Debora: Hiyo picha ya kwanza, umesimama kwenye ngazi unacheka meno yote nje. Amekupiga nani?

Ochieng: 👀

Baba Mdogo: Muulize kama kwao wana mashine.

Shangazi Debora: Neema. Naona uko hewani.