Shangani au Mikindani? Naomba ulinganisho kwa familia inayohamia Mtwara kutoka Mombasa

MgeniWaKisauni:
Assalaam alaykum, na habari za leo kwenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na Mungu akijalia nitaanza kazi huko Mtwara mwezi wa Julai kwa mkataba wa miaka miwili. Nimekwisha kuonyeshwa nyumba mbili, na natakiwa kutoa jibu kabla ya Mei kwisha. Ya kwanza iko Shangani, mtaa wa Mtwara mjini, ina vyumba vitatu, ukuta na kisima chake, na kodi ni shilingi 450,000 kwa mwezi, ila mwenyewe anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ya pili iko Mikindani, mji mkongwe ulio jirani na Mtwara, nayo ni nyumba ya zamani ya mawe yenye kibaraza kinachotazama ghuba, kwa 250,000, naye anataka miezi sita. Kwetu nimezoea kulipa kodi ya mwezi pamoja na amana ya mwezi mmoja, kwa hiyo hesabu ya mwaka imenishtua. Wenyeji, ipi inafaa?

BintiLigula:
Wa alaykum salaam kaka, karibu Mtwara kuchele. Umeeleza nyumba vizuri, lakini hujajieleza wewe. Kazi yako iko upande gani wa mji? Unakuja na familia au peke yako? Una gari, au utategemea bajaji na daladala? Na kibali chako kimefikia wapi? Bila hayo kila mmoja hapa atakusifia mtaa anaoishi yeye.

Mwanashangani:
Nami nitausifia, kwa sababu nimeishi Shangani miaka kumi na mmoja. Viwanja ni vikubwa na barabara ni pana, kwa kuwa mji huu ulipangwa upya enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, baada ya 1947, na upande huu wa bahari ndiko walikojengewa wakubwa. Upepo wa kusi ukianza, hutahitaji feni usiku. Kwa mtu aliyelelewa pwani, sioni sababu ya kutafuta pengine.

MzeeWaMagengeni:
Mwanangu, Mikindani ilikuwa mji kabla Mtwara haijawa mji. Livingstone alipofika hapa mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho alizikuta bandari na biashara, na Boma la Wajerumani, lililojengwa 1895, bado limesimama pale juu. Nyumba ya mawe ya matumbawe hubaki na ubaridi hata kaskazi inapovuma na joto la Desemba limetushika koo. Jambo moja tu ulitazame kwa makini: kuta zimepigwa lipu ya nini? Kama ni chokaa, ukuta unapumua. Kama mtu amekuja akaupiga saruji juu ya mawe ya zamani, unyevu hufungiwa ndani, na baada ya masika utaona rangi inabanduka vipande vipande, na nguo kabatini zinanuka uvundo. Weka kiganja ukutani, nyuma ya kitanda, usawa wa goti, nawe utajua.

MgeniWaKisauni:
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Dada, uniwie radhi kwa kuacha mambo hayo. Mimi ni mhasibu, na ofisi iko karibu na bandari ya Mtwara. Ninakuja na mke wangu na mabinti wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa mitatu. Gari halitakuwapo mwaka wa kwanza. Nilipopita mpakani Horohoro kuja kutazama nyumba niligongewa muhuri wa miezi sita, na mwajiri anashughulikia vibali.

BintiLigula:
Angalia hapo, kaka. Muhuri wa miezi sita tunaopeana sisi wa Afrika Mashariki ni wa kutembelea, haukuruhusu kushika kazi. Unahitaji kibali cha kazi pamoja na kibali cha ukaazi, nacho kwa mwajiriwa ni daraja B. Usilipe kodi ya mwaka kabla hujaviona vyote viwili mkononi.

Mpangaji_Mstahimilivu:
Nimesoma kimya, lakini neno "mwaka mzima" limenitonesha kidonda, na naona ni wajibu wangu kusimulia. Miaka minne iliyopita nilipanga nyumba karibu na bahari kupitia dalali ambaye alichukua, kama ilivyo desturi, kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Aliyejitambulisha kuwa mwenye nyumba alikuwa kijana mpole, mwenye funguo zote, na majirani walimwita kwa jina. Nikalipa mwaka, tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari. Mwezi wa nne tangu tuhamie, saa moja asubuhi, mke wangu akiwa anakanda unga wa chapati, akaingia mama mmoja mtu mzima kutoka Newala na wadogo zake wawili. Hakutukana wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye mkeka, akafungua mfuko wa plastiki, akatoa barua ya Mahakama ya Mwanzo inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yao. Kumbe yule kijana alikuwa mrithi mmoja kati ya wanne, na wenzake hawakuona hata senti. Nilimwonyesha karatasi yangu ya daftari, akaisoma yote, akaikunja akanirudishia, akasema, "Mwanangu, hii ni kati yako na yeye." Tulikubaliana nimlipe yeye nusu ya kodi kwa miezi iliyobaki, na ile niliyompa kijana hairudi hadi leo. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia upepo na kuta, muulize kila mmoja wa hao wenye nyumba wako wawili: nyumba ni yako, au ni ya marehemu? Kisha nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uulize swali hilohilo bila yeye kuwapo.

Mwanashangani:
Pole sana ndugu yangu. Hilo huweza kutokea mtaa wowote, hata Mikindani.

MzeeWaMagengeni:
Ni kweli, na Mikindani ni zaidi, maana nyumba nyingi za mawe zina warithi waliotawanyika hadi Unguja. Nakiri hilo.

FundiWaVisima:
Mimi nauliza kuhusu kile kisima cha Shangani. Ulionja maji? Na kama ulionja, ulionja lini? Huku tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kwisha kama Aprili. Ukionja kisima cha karibu na bahari mwezi Mei, mvua imetoka kukijaza, utakuta maji matamu. Yarudie mwezi Oktoba, yamekuwa ya chumvi, sabuni haitoi povu, na birika linajaa ukoko mweupe ndani. Kisha kuna mabomba ya chuma ambayo chumvi inayala mpaka yanamomonyoka mkononi. Uliza kama nyumba imeunganishwa na maji ya mamlaka na kama kuna simtanki juu ya mnara. Kisima peke yake si jibu kwa mtu mwenye mtoto wa miaka mitatu.

MgeniWaKisauni:
Nilionja wiki mbili zilizopita, na yalikuwa matamu. Sasa nimeelewa.

Mwanashangani:
Jambo jingine usilosahau ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa mtu anaponunua umeme, kwa hiyo wewe mpangaji ndiye utakayeilipa.

BintiLigula:
Hapana, tusimpotoshe mgeni. Anayekatwa ni anayenunua umeme, lakini deni ni la mwenye nyumba. Mpangaji anatakiwa kurudishiwa au kupunguziwa kwenye kodi ya pango.

Mwanashangani:
Kisheria ni hivyo, dada, ila nani aliwahi kurudishiwa?

BintiLigula:
Mimi. Niliiandika kwenye mkataba kabla ya kutia saini, na kila baada ya miezi sita tunapiga hesabu na mama mwenye nyumba bila ugomvi.

MzeeWaMagengeni:
Turudi kwenye kodi ya mwaka. Mwanangu, huku wenye nyumba wengi wana mikorosho, na Mei na Juni ni miezi ya kununua salfa ya kupulizia. Mtu hakuombi mwaka kwa tamaa, anahitaji fedha taslimu sasa hivi. Mwambie utampa miezi sita leo na sita nyingine baada ya mnada wa korosho kuanza, na umwombe akupunguzie. Wengi hukubali.

BintiLigula:
Na shule? Binti wa miaka saba amezoea kusomeshwa kwa Kiingereza, na shule zetu nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Ukimtaka wa mchepuo wa Kiingereza, basi hesabu nauli ya mtoto kutoka Mikindani, kama kilomita 10 kila asubuhi, na uone kama ile laki mbili ya tofauti bado ipo.

MgeniWaKisauni:
Hilo la shule hatujakubaliana mimi na mwenzangu. Yeye anataka waingie shule ya Kiswahili wachanganyike na wenzao, nami nawaza tutakaporudi Mombasa. Juu ya nyumba, moyo wangu uko Mikindani, lakini miguu inaniambia Shangani. Jumamosi nitakuwa Mtwara tena kwa siku mbili.

FundiWaVisima:
Jumamosi nina kazi Shangani. Nitafutie nafasi saa nne asubuhi tukifunue hicho kisima, tupime kina cha maji, kisha tukaulize nyumba ya tatu na ya nne za jirani maji yao huwaje mwezi Oktoba.

Mpangaji_Mstahimilivu:
Na kabla ya saa nne, pitia kwa mwenyekiti wa mtaa.